"I'm getting a headache" na "I've got a headache": mgeni anamaanisha nini hasa?

Binti_Marangu anauliza:

Habarini wakuu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mwongozaji msaidizi Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu. Nilianza kama mpagazi, nikabeba mizigo ya wageni mpaka nilipopata leseni, na sasa kazi yangu ni kutembea nao. Kiingereza changu ni cha shule ya kata na cha njiani. Mimea naeleza, historia ya mlima naeleza, na stori na wageni zinakwenda vizuri. Ila kuna kitenzi kimoja kifupi, "get", ambacho kila nikidhani nimekishika kinageuka kitu kingine.

Nina kadaftari ninakoandika sentensi nilizozisikia. Hizi ni za safari iliyopita, kundi la Waingereza wenye Wamarekani wawili ndani yake. Pale getini: "Can I get a walking stick?" Msituni kuelekea Mandara, kambi ya kwanza, jioni: "It's getting dark." Asubuhi yake mmoja akamuuliza mwenzake, "Did you get any sleep?" Njiani: "What time do we get to Horombo?"

Tulipofika Horombo, kambi ya pili, ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Wakati wa chakula cha jioni mama mmoja alisema, "I get headaches at home too." Kijana aliyekaa mbele yake akasema, "I'm getting a headache." Wa tatu, mtu mzima, akasema tu, "I've got a headache." Kwa macho walikuwa sawa wote: nyuso nyekundu, vikombe vya chai mkononi. Kamusi yangu ndogo inasema "get" ni kupata. Sasa nikiandika "anapata kichwa" kwa wote watatu, nimeandika nini?

Nauliza kwa sababu ya kazi. Kila asubuhi na kila jioni tunawauliza wageni hali zao na kuandika. Kiongozi wa msafara anaamua kwa yale tuliyomwambia: huyu aendelee, huyu apumzike siku ya ziada, huyu ashuke. Mimi nataka nimfikishie alichosema mgeni, nisimfikishie ninachokisia. Naomba mnieleweshe vizuri, hata kama ni maelezo marefu nitasoma.

---

Kidato_Six anajibu:

Dada usijipe shida. Get ni pata. Ninapata, nilipata, nitapata. "I'm getting a headache" ni napata maumivu ya kichwa, "Did you get any sleep" ni ulipata usingizi. Hizo nyingine zote ni misemo tu, kariri mmoja mmoja utazoea.

---

Mwl_Mstaafu_Same anajibu:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Mtu anayeandika sentensi alizozisikia pamoja na mahali alipozisikia anajifunza lugha kwa njia iliyo bora kuliko nyingi tulizowapa ninyi darasani.

Kijana hapo juu hajakosea kwa "get any sleep". Sisi pia tunasema kupata usingizi, na hata "I can't get warm" unaweza kuisema "sipati joto" na kila mtu akakuelewa. Tatizo ni kwamba "pata" inakubeba mpaka mahali fulani, halafu inakushusha. "Get wet" utaisemaje? Kupata majimaji? "Get lost"? "Get old"? Hapo ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakikata tamaa na kuanza kukariri, na misemo ya "get" haimaliziki kwa kukariri.

Nenda nayo hivi. Neno hili liliingia Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zamani. Kwa lugha yao lilikuwa "geta", maana yake kupata na pia kufikia. Shika hiyo kufikia. Kitu kikikufikia wewe, umekipata: "get a letter", "get a job". Wewe ukipafikia mahali, umefika: "get to Horombo" ni kufika Horombo, wala hakuna cha kupata pale. Na ukiifikia hali fulani, umekuwa hivyo: "get tired", "get wet", "get better". Maana ya maneno nayo ikikufikia kichwani, "I get it", nimeelewa. Hata vijana wa siku hizi wanasema "nakupata", nao wamepita njia hiyohiyo.

Hiyo ya tatu, ya kuifikia hali, ndiyo iliyokusumbua, na ndiyo nataka tukae nayo.

Kiswahili kina utajiri mmoja ambao hatuuoni kwa kuuzoea. Tuna vitenzi vizima vya mtu au kitu kubadilika hali: kuchoka, kulowa, kupotea, kuzeeka, kukasirika, kulewa, kunenepa, kukonda, kupona, kupoa. Neno moja, limekwisha. Kiingereza kwa mengi ya hayo, katika mazungumzo ya kawaida, kinatumia sifa tu: tired, wet, lost, old, angry, drunk, fat, thin. Sifa peke yake haiwezi kueleza kwamba jambo linatokea, inaeleza tu jinsi mambo yalivyo. Kwa hiyo wanaitanguliza "get", nayo inaifanya sifa hiyo iwe tukio. "Wet" ni hali ya kuwa umelowa. "Get wet" ndiyo kulowa kwenyewe.

Sasa angalia viambishi vyetu, maana jibu lako lote limo humo.

"I'm tired" kwa Kiswahili ni nimechoka. Tumetumia -me-, tukimaanisha kuchoka kumeshatokea na hali ipo. "I'm getting tired" ni naanza kuchoka, nachoka. "I got tired" ni nilichoka, siku ile, pengine sasa niko sawa. Na "I get tired", bila chochote cha kuonyesha wakati mmoja maalumu, ni huchoka. Hu- ya mazoea. Mimi huchoka nikipanda mlima.

Rudi sasa Horombo kwenye ile meza yako. Mama wa kwanza, "I get headaches at home too": huumwa kichwa hata nyumbani. Hajakwambia kwamba kinamuuma sasa hivi! Anakueleza tabia ya mwili wake, na ni juu yako kumuuliza kama leo pia kinauma. Kijana, "I'm getting a headache": kichwa kinaanza kuniuma. Yuko mwanzoni, na unayo nafasi ya kumfuatilia. Mtu mzima, "I've got a headache": kichwa kinaniuma. Kwake yeye "got" haina tena maana ya kupata. "I've got" ni nina, sawa na "I have". Ndiyo maana mtu husema "I've got two children" hata kama watoto wenyewe ni watu wazima wenye wajukuu.

Wageni watatu, na habari tatu tofauti. Ungewaandika wote "anapata kichwa", kiongozi wako angekosa kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani jambo hili limeanza, lipo, au ni la mazoea.

Ongeza na hili la kuhimiza. "Get him to drink" ni mfanye anywe, mbembeleze mpaka anywe. Ina juhudi ndani yake: mgeni hataki, wewe unapata njia. "Make him drink" ni kulazimisha, usiseme hivyo kwa mgeni. Na pale sisi tunapotumia -w- ya kutendwa, wao katika maongezi hutumia "get" mara nyingi: "get paid" ni kulipwa, "get robbed" ni kuibiwa.

Neno la mwisho kwa leo. "Get" ni ya mdomoni. Ukiandika ripoti ya Kiingereza itakayosomwa na daktari, andika "headache started at 5 p.m., Horombo". Usiandike "he got a headache", kwa sababu msomaji hatajua kama kilianza, kilikuwepo au kimeshapita.

---

Kidato_Six anajibu:

Mwalimu shikamoo. Ile ya hu- nimeielewa, sijawahi kuifikiria hivyo. Asante.

---

Njia_ya_Machame anajibu:

Mdogo wangu, mwalimu kamaliza upande wa lugha. Mimi ni mwongozaji wa siku nyingi, nakuongezea ya kazini.

Ukishasikia "I'm getting", usiishie kuandika. Uliza maswali mawili palepale: "When did it start?" Halafu, baada ya maji na mapumziko, "Is it getting better or getting worse?" Hilo la pili ndilo swali kubwa kuliko yote mlimani. "Getting better" anapata nafuu, mnaendelea kumwangalia. "Getting worse" kinazidi, na kama kinazidi hapandi hata hatua moja zaidi. Kambi ya Kibo iko mita 4,720, kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na usiku wa kupanda kilele mnaondoka kama saa sita usiku watu wakiwa hawajalala vizuri. Kichwa kilichokuwa kinazidi Kibo hakiwezi kupona huko juu.

Kama kampuni yenu inatumia karatasi ya Lake Louise, ile ya kupima ugonjwa wa mwinuko, utaona wanauliza kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja alama 0 hadi 3. Mgeni hakwambii alama. Anakwambia sentensi, na nyingi zina hiyo "get" yako. "I'm getting a bit dizzy", "I get sick when I look at food". Wewe ndiye unayezigeuza kuwa alama, kwa hiyo unafanya vizuri kuuliza.

Jihadhari na neno "a bit". Waingereza hasa hupunguza mambo. "I'm just getting a bit tired" inaweza kutoka mdomoni mwa mtu ambaye miguu imeshaisha. Na mgeni amelipa hela nyingi, amejiandaa muda mrefu, wengi wanaogopa kurudishwa, kwa hiyo wanaficha. Mwangalie anavyotembea. Mwambie apite mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba, au akianza kujibu mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dalili mbaya ya ubongo hata kama anasema "I'm getting there". (Hiyo "I'm getting there" maana yake bado, ila najikongoja. Usiisikie ukadhani amefika.)

Na sentensi moja ninayotaka uikariri hata kama mwalimu hapendi kukariri: "I can't get my breath." Mgeni akiisema akiwa anapanda, mpumzishe kwanza, pumzi irudi. Akiisema akiwa amekaa, amepumzika, tena anakohoa, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi. Mwite kiongozi, mnashuka usiku huohuo.

---

Nesi_wa_Leeds anajibu:

Hamjambo jamani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya uuguzi huku Uingereza, na nimesoma haya nikajiona mimi nilipofika wadini mara ya kwanza. Wagonjwa wangu wengi ni wazee wa Yorkshire na "get" kwao ni kama chumvi, iko kwenye kila kitu.

Dada, niongeze mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni "I've been getting". "I've been getting headaches since Tuesday" maana yake vimekuwa vikija na kuondoka tangu Jumanne. Hii si sawa na "I've got a headache since", kwanza hiyo haisemwi hivyo. Ndugu yake ni "I keep getting": kinanijia tena na tena. Zote mbili nikizisikia naandika kwamba ni jambo la kurudiarudia na nauliza mara ngapi kwa siku. Kwa mgeni wako nadhani ungemuuliza lilianzia kambi gani, maana kama lilianza Mandara na bado anapanda nalo, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Ya pili ni tofauti ya Mwingereza na Mmarekani. Wamarekani wako wawili watasema "It's gotten worse". Mwingereza atasema "It's got worse". Maana ni moja: kimezidi. Lakini Mmarekani akisema "I've got a ticket" ana tiketi, na akisema "I've gotten a ticket" anasema amefanikiwa kuipata, anakueleza tendo lenyewe. Waingereza wengi hawasemi "gotten" siku hizi, japo wote wanaendelea kusema "forgotten".

Halafu kuna "I've got to go". Kwa maneno yenyewe ni lazima niende. Huku wadini mgonjwa akisema hivyo kwa haraka anataka choo, na nafikiri huko njiani itakuwa hivyohivyo. Usimuulize anakwenda wapi, muonyeshe tu.

---

Binti_Marangu anaandika:

Asanteni sana, mwalimu, kaka wa Machame na dada wa Leeds. Nimenakili yote daftarini, na ile "I can't get my breath" nimeiandika kwenye jalada la ndani nisiitafute.

Nimejaribu kugeuza sentensi zangu mwenyewe, mwalimu naomba usahihishe. "It's getting dark", giza linaingia. "What time do we get to Horombo?", tutafika Horombo saa ngapi. "I can't get to sleep", usingizi hauji. "It's getting cold", baridi inaingia.

Nimebakiwa na chache. Usiku wa kilele, mgeni mmoja alikaa kwenye jiwe akakataa kuinuka, mwenzake akamwambia "You've got this". Una hii? Hii nini? Baadaye kiongozi wetu akamshika mkono akamwambia "Let's get you down". Na siku ya kwanza pale Moshi nilikuwa nawapandisha wageni kwenye gari, nikawa sijui niseme "get in" au "get on". Na je, mtu akiwa na hofu au anaumwa naweza kumwambia "get over it"?

---

Mwl_Mstaafu_Same anajibu:

Sentensi zako zote nne ni sahihi, na "giza linaingia" ni nzuri kuliko zote. Umeacha kutafsiri neno, umesema jambo lenyewe kama tunavyolisema. Usingizi hauji, kweli kabisa.

"You've got this" ni ya kutia moyo. Hiyo "this" ni kazi iliyo mbele yake, na "you've got" ni iko mikononi mwako, umeiweza. Kwetu ungemwambia "utaweza" au "jikaze, unaweza". Itumie kwa mtu aliyechoka. Kwa mtu anayeumwa isitumike kabisa, kwa sababu unamsukuma apande wakati mwili wake unamwambia ashuke. Naona kiongozi wako alilijua hilo, ndiyo maana yeye akatumia sentensi nyingine.

"Let's get you down": tukushushe. Hapa "get" inaye mtu na mwelekeo, na kazi yake ni ileile ya -sh- yetu. Kushuka, kushusha. "Get him up" mwinue, au mwamshe kama amelala. "Get the bags in" ingiza mizigo. "Get her out of the wind" mtoe kwenye upepo. Ukishaona "get", halafu mtu au kitu, halafu upande wa kwenda, tafuta kitenzi chetu cha kumfanyisha mtu jambo, utakipata. Na angalia upole uliomo. Hakumwambia "you must go down", kama amri, akabaki amesimama juu yake. Alisema "let's", twende wote, nami ndiye nitakayekushusha. Mtu aliyeogopa anaisikia tofauti hiyo hata kama hajui kuieleza.

"Get over it" usimwambie mgeni. Kwa amri hivyo ni ukali, sawa na kumwambia mtu aache kulialia. "You'll get over it" ni laini kidogo, itapita, lakini inafaa kwa jambo dogo kama mafua, na kwa mgonjwa wa mlimani unakuwa umemwahidi usichokijua. Wewe mwambie "You will feel better when we get lower". Utajisikia nafuu tukifika chini zaidi. Hiyo ni kweli, na umetumia "get" ya kufika.

Kuhusu gari: gari dogo, teksi, Noah au Land Cruiser, ni "get in" kuingia na "get out" kutoka. Basi, treni, meli na ndege, mtu anakosimama na kutembea ndani, ni "get on" na "get off". Pikipiki na farasi pia ni "get on", kwa sababu unaketi juu. Kwenye Coaster wengi watasema "get on", nawe sema hivyo.

Na ile fimbo ya pale getini tuliisahau. "Can I get a walking stick?" ni naomba fimbo ya kutembelea. Mgeni hajakuuliza kama ana uwezo wa kupata, ameomba. Wamarekani, na vijana wa Kiingereza siku hizi, huagiza hivyo hata hotelini. Mjibu, "Yes, you can rent one here," na umwambie bei.